Umebakiza Kuandika Tu

Nyangeta mwanangu,

Barua nilizowahi kusomewa zote zinaanzaga na salamu na kuulizana afya. Wewe nimekuona leo asubuhi, umekunywa uji mbele yangu ukamaliza, kwa hiyo afya yako naijua na ya kwangu unaijua. Salamu nazipita. Umeenda Musoma kuchapisha kitabu chako kwenye karatasi, shangazi yako yuko mwaloni, pale ufukweni, anageuza dagaa, nimebaki mimi na kuku. Nimechukua kalamu yako moja, ile ya bluu. Usiitafute.

Naandika mwenyewe, sijaandikiwa na mtu. Nilisoma madarasa ya watu wazima kule Bunda, kwenye ghala la pamba, tukiwa tumekalia marobota, na mwalimu alisemaga herufi zangu zina nguvu kuliko za wenzangu wote. Alisema pia zinapasua karatasi, lakini nguvu alizitaja kwanza. Kwa hiyo ukikuta mahali pametoboka, ujue hapo ndipo nilikuwa nakazia neno.

Mambo ya safari siyaandiki. Shangazi yako atakwambia ufunge zipu ya begi, usipokee soda ya mtu usiyemjua, ukifika Bunda ushuke unyooshe miguu kabla ya gari la Dodoma. Anazipenda hizo habari, mwachie. Mimi nina habari moja, na hiyo imenishinda kuisema kwa mdomo siku zote hizi tunakaa meza moja.

Kesho unaenda kuombea jina lako. Shangazi yako anawaambia majirani kwamba unarudi chuoni. Siyo. Anayerudi chuoni ni yule mwenye chuo. Wewe unaenda kusimama mbele ya wakubwa wa pale waamue kama watakurudisha kwenye orodha ya wanafunzi au hapana. Wakisema hapana, ile miaka ya madarasa, yale majani ya mihogo uliyokuwa unazunguka kuyapima kutoka hapa Murangi mpaka Buswahili, zile sura ulizoandika, vyote vinabaki hadithi ya kusimulia. Unaanza upya kama mtu aliyefika jana, au unaacha. Nimeelewa sasa. Nimechelewa kuelewa, lakini mimi nikishaelewa kitu naelewaga kabisa.

Unaikumbuka siku uliyoniomba ruhusa. Tulikuwa tunapalilia.

"Baba, kesho naomba niende Musoma. Kuna mambo ya usajili, na mtandao wa hapa unakatika."

"Usajili wa nini?"

"Wa chuo, baba."

"Si walikusajili ulipoingia?"

"Ni kila semista, baba. Lazima nihuishe."

"Kwani kila semista wanakusahau?"

Ulicheka. Na mimi nikichekeshwa na maneno yangu mwenyewe sijui pa kusimama, nikaendelea.

"Masomo yamekwisha au hayajakwisha?"

"Madarasa yamekwisha. Nimebakiza kuandika tu."

"Basi andika. Meza ile pale, taa ya sola ile pale. Au kalamu nayo ina usajili?"

Mara hiyo hukucheka. Uliinama ukaendelea na jembe, nikajiambia nimeshinda. Keshokutwa yake ukauliza tena, kwa maneno machache zaidi: "Baba, ile safari ya Musoma." Nikasema magugu yatameza muhogo. Baada ya hapo hukuuliza tena, ila nilikuonaga unaangalia barabara. Umerithi jina la mama yangu, ndiyo maana nakuitaga mama mpaka watu wanatuchanganya, lakini adabu ya kutojibizana na baba nilikutia mimi. Kwa hiyo ni malezi yangu mwenyewe yaliyokufunga mdomo. Wengine wanalea watoto wabishi, wanalalamika. Mimi nililea msikivu, halafu nikamtumia vibaya.

Zilikuwa siku nzuri kwangu, nisikufiche. Ulikuwa unaamka, unabonyeza kompyuta yako, mlio wake kama kuku wanaodonoa mtama juu ya bati, na mimi nimekaa nje nashona nyavu nasikiliza. Nyumba hii haikuwa na mlio mwingine tangu marehemu mama yako atuache. Jioni ulikuwa unapika ningu kama alivyopikaga yeye, bila nyanya nyingi, samaki mwenyewe asikike mdomoni. Siku moja ulileta hata furu, visamaki vile vya zamani, sijui ulizipata wapi, maana siku hizi furu za kuokoteza ndizo zimebaki. Zamani tulikuwaga tunazichota kwa kikapu, mama yako anasimama majini mpaka magotini, kanga ameifunga juu, ananiambia nisipige kelele. Nilikula zile furu zako na miiba. Nikasema moyoni, huyu hakai tena mbali na mimi. Sikusema kwa mdomo, lakini mwenendo wangu wote ulikuwa unasema hivyo.

Halafu ukaja ule ujumbe wa mwalimu wako. Mlikuwa mmekaa na shangazi yako mnapepeta dagaa, simu ikalia, ukaisoma kimya, halafu ukamsomea yeye.

"Supavaiza anasema hawezi kupokea sura ya nne. Kwenye mfumo sipo. Semista imepita, sikujisajili, jina limetoka."

Mimi nilikuwa nakula. Nikasema, "Haupo vipi na mimi nakuona? Umeshika ungo."

Aliyejibu ni shangazi yako, ambaye hajawahi kuniogopa tangu tukichunga ndama pamoja. Hakuinua hata kichwa. "Kaka," akasema, "hata wewe kule Buswahili si ulikuwepo?"

Niliacha ugali. Nilikusikia unamwuliza nyuma yangu, "Kwani Buswahili kulitokea nini?" Akasema, "Muulize mwenyewe." Hukuniuliza. Leo nakujibu.

Wewe umezaliwa hapa ziwani. Buswahili unaijua kama mahali pa kwenda kuzika ndugu na kupima mihogo. Lakini mimi nilikuwa na mji pale. Siyo nyumba tu, mji: nyumba kubwa, jiko, zizi, ghala la mtama. Nguzo nilizikata mwenyewe mlimani nikazibeba begani, na mchwa walizijaribu wakaziacha. Watu walikuwa wanageuza njia ili wapite pale wauone. Mama yako aliletwa pale akiwa bibi arusi, na mafiga ya jikoni aliyachagua yeye. Nilimletea mawe mazuri mawili, makubwa, ya duara. Akayagonga kwa kidole, akasema haya yatapasuka motoni, rudisha. Nilirudisha. Hayo ndiyo mambo machache duniani niliyoyarudisha nikiambiwa. Msimu wa pamba ukifika tulianikaga pamba mpaka juu ya paa la jiko, ukitazama kutoka barabarani unafikiri wingu limeshuka limekaa kwangu. Jioni ng'ombe wanaingia, moshi unapanda, mama yako anaimba taratibu anasonga ugali. Nikifumba macho hata sasa hivi naona kila kitu pale, hata kijiti cha kufungia zizi.

Sangara walipoanza kutafutwa na viwanda vya Musoma, kila mwenye mikono alishuka ziwani. Mimi nilisema nakwenda msimu mmoja. Nilikuwa mvuvi wa kuzaliwa bila kujua. Nilimvua sangara mmoja tukamlaza mlangoni, akawa mrefu kuliko mlango. Shangazi yako atakwambia alikuwa sawa na mlango. Hakuwepo. Msimu ukazaa msimu, tukajenga hapa Murangi, ukazaliwa wewe, na ule mji wa juu nikawa nao kichwani tu, nauringia kwa wavuvi wenzangu: mimi nina mji Buswahili, nyie mna nini?

Sasa kwetu mtu akihama kwa muda, anaacha moshi. Anamwacha mtu pale, au anapanda mwenyewe mara moja moja, anafagia, anawasha moto, anapika hata uji, analala, anaondoka. Majirani wakiona moshi wanasema, wenyewe wapo. Mji ukikaa muda mrefu bila moshi unaitwa itongo. Hiyo ni lugha ya nyumbani, Kiswahili wanasema mahame. Wageni wanafikaga pale Mwitongo, Butiama, kwenye makumbusho, wanapiga picha na kuondoka, hawaulizi jina lina maana gani, na maana yake ndiyo hiyo, mahali palipokuwa mji wa watu wa zamani. Na udongo wa itongo ni mtamu, una mbolea ya ng'ombe na majivu ya miaka, maboga na tumbaku vinaota pale kama vimetukanwa. Kwa hiyo mahali hapo ukipaacha wewe, kuna mwenye jembe anapatazama.

Mama yako aliniambia. Kila mvua zilipokatika alisema, "Niruhusu nipande mara moja, nikawashe moto, nilale, nirudi." Mimi nikamwambia, mbele ya watu, "Nyumba yangu inanijua. Haihitaji moshi ili inikumbuke." Watu walicheka siku hiyo pia. Umeona, mama? Mzaha ni ule ule, nimeukarabati tu nikakuletea na wewe. Akaomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Halafu akanyamaza. Mimi mtu akiacha kuomba nadhani amekubali. Nilikaa na yule mwanamke mpaka nikamzika, sikujifunza kwamba siyo hivyo. Wewe ndiye umenifundisha, ulipokuwa unaangalia barabara.

Siku nilipoamua kupanda Buswahili nilivaa koti. Nilikuwa nimeshauza samaki vizuri, nataka kuongeza chumba cha bati, watu waone. Nilipofika niliona majani ya maboga mapana kama sinia, na mtama umesimama pale jiko lilipokuwa. Paa lilikuwa limelala chini. Nguzo zangu zilisimama bado, nilikwambia ziliwashinda mchwa, na maharage yamezipanda mpaka juu. Kijana mmoja wa ukoo wetu akatoka katikati ya mtama, akaweka jembe chini, akaja ameinama, mikono miwili.

"Shikamoo baba. Karibu. Karibu sana, pita huku kwenye kivuli."

Akaniletea kigoda.

Nyangeta, mimi mtumbwi umewahi kunipindukia katikati ya ziwa nikaogelea na mawimbi mpaka kukakucha. Nimewahi kuzika. Lakini kukaribishwa kwangu mwenyewe na mtu mwenye adabu, sijapata cha kufananisha. Angenitukana ningejua la kufanya. Nilikaa kwenye kile kigoda, nikamshukuru, mdomo ukasema wenyewe.

Wazee waliitwa, wakakaa. Nikaongea sana, unanijua. Nikawaonyesha nguzo, nikataja mlima nilipozikata, nikataja ng'ombe kwa majina. Walinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu mmoja, mdogo kwangu kwa umri, akauliza, "Moshi ulionekana hapa mara ya mwisho lini?"

Nikasema, "Nguzo hizi ni za nani?"

"Ni zako, Magesa. Hatukuuliza nani alijenga. Tumeuliza moshi."

Wakasema ni itongo, aliyelima aendelee kulima. Yule kijana hakushangilia. Alinichumia maboga mawili makubwa, akayafunga kwenye gunia, akanisindikiza mpaka barabarani amenibebea. Nilipofika hapa nikayaweka mbele ya mama yako, sikusema kitu, na yeye hakuuliza kitu, maana gunia lilikuwa limeshaeleza. Akayapika. Tukala wote, wewe ukiwa mdogo umekaa kwenye paja lake. Nilingoja aseme, "Nilikwambia." Nilikuwa nimeshaandaa na majibu. Alisema, "Ni matamu," akaniongezea.

Basi ndiyo Buswahili hiyo. Nilichofanya pale hakuna aliyekikana. Walichosema ni kwamba sikuwepo, na kweli sikuwepo. Supavaiza wako amekwambia hivyo hivyo kwa ustaarabu, kwamba sura nne anajua umeziandika, ila mwenyewe huonekani. Nilimkasirikia yule mwalimu siku nzima, nikampa majina. Jioni yake nikaona ananiletea kigoda.

Wakikurudisha, na naamini watakurudisha maana mtu akikuona tu anajua wewe ni wa kwangu, kila semista uende ujisajili hata kama umebakiza nukta ya mwisho. Hata kama siku hiyo huna jipya la kumwonyesha mwalimu isipokuwa aibu. Najua nyie wasomi mnavyofanya, kazi ikiwakwamia mnajificha mpaka iwe nzuri ndiyo mtokee. Hata mimi nilitaka kurudi Buswahili nikiwa na mabati. Mama yako hakutaka kwenda kujenga. Alitaka kwenda kupika uji tu.

Na mtu akikwambia wewe umeshamaliza, hata kama anakupenda, muulize amemaliza nini yeye.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikuibie kalamu. Juzi ulikuwa jikoni na shangazi yako, mimi niko nyuma ya ukuta na wavu wangu. Nilikusikia unasema kuna karatasi ya maelezo, kuna mahali pa kuandika sababu kwa nini hukujisajili. Ukasema, "Nitaandika baba alikuwa anaumwa, nikabaki kumuuguza. Wanaelewaga ugonjwa wa mzazi." Shangazi yako akasema, "Utamwitia ugonjwa." Ukasema, "Sasa niandike nini, shangazi?"

Nilikuwa nangoja aseme ukweli, akanyamaza. Hata yeye.

Kwanza, mimi siumwi. Pale zahanati hawanijui sura. Wazee wote niliokuwa nao rika moja wanatembea na vifuko vya dawa kama vishada vya vitunguu, mimi nabeba mtumbwi. Ukiniandika mgonjwa kwenye ofisi ya serikali umeniua nikiwa hai.

Pili, sababu unaijua, ila una adabu. Siku uliyofika na mabegi, nilikuwa nimeshatangaza mwaloni. Nilisema Nyangeta amemaliza, anakuja sasa ni masta kamili. Nilichinja mbuzi. Watu wakala, wakakupa mkono, na wewe ukawa unasema "bado kidogo," na mimi nawaambia huyu ni mnyenyekevu, amefuata upande wa mama yake. Sasa ungekwenda Musoma kujisajili, mtu wa hapa angekuona, angekuja kuniuliza, kumbe bado ni mwanafunzi? Na mimi ningemjibu nini na mbuzi yuko tumboni mwake? Magugu hayakuwa shida, mama. Muhogo ule hata ng'ombe angeupalilia. Nilikunyima safari ya siku moja ili mimi nisiulizwe swali moja.

Leo ulipoondoka nilishuka mwaloni kabla ya kukaa kuandika. Walikuwa wanatengeneza nyavu. Nikasimama katikati nikawaambia, "Nyangeta hajamaliza. Ni mwanafunzi bado. Mimi niliwaambia uongo." Wakatazamana. Mmoja, yule mwenye maneno, akauliza, "Sasa mzee, yule mbuzi tuliyemla alikuwa wa nini?"

Nikamwambia, "Alikuwa wa kumsalimia. Wa kumaliza bado yuko zizini ananenepa, na wewe hutamla."

Wakacheka, nikacheka nao, wakarudi kwenye nyavu. Ilikuwa imekwisha. Kitu nilichokikimbia semista nzima kilikuwa kidogo namna hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, kwenye ile karatasi usiniandike mgonjwa. Ugonjwa wangeukubali haraka, najua, na hii ya kweli watakuuliza maswali. Wakuulize. Jina lako likirudi, lirudi bila wewe kuogopa kwamba siku moja mtu atafika Murangi aone mgonjwa wako anavuta nyavu. Mahali pa sababu andika hivi: Baba yangu alinizuia, kwa sababu alikuwa ameshatangaza kwamba nimemaliza. Wakisema hawaamini, wape namba yangu ya simu. Nitapokea, nitawaeleza mwenyewe, kwa sauti, na nisiposikika nitapanda gari nije. Na waandike jina langu lote, Magesa wa Murangi, wasije wakafikiri ni baba wa mtu mwingine.